Mtu wa Kumi Jikoni

Mcheza kwao hufukuzwa. Wahenga walisema hutuzwa, lakini wahenga hawakuwahi kupikia wazee katika mji wa Dos Norias, Texas.

Sura iliyopita tulimwacha Ofelia Zertuche katikati ya jiko lake, linalowapikia wazee kwa mkataba wa kaunti, mwiko mkononi, maharage yakitokota nyuma yake. Mbele yake alisimama Jaji Royce Tadlock. Jaji alikuwa ameweka karatasi juu ya meza ya kukatia nyama, na juu ya karatasi kalamu, na juu ya vyote hivyo maneno haya:

"Saini sasa hivi, Bi Ofelia. La sivyo kuanzia mwezi ujao wazee wako watakula barafu."

Ofelia hakuitazama kalamu. Alimtazama mtu.

Jaji Tadlock hajawahi kumhukumu hata mwizi wa kuku. Ujaji wake ni wa kuongoza kaunti, kukata utepe na kugawa mikataba, na ni katika hilo la tatu ambapo kalamu yake huwa na makali.

"Ondoa karatasi yako," Ofelia alisema. "Hapo nakatia nyama."

"Isome kwanza."

"Nimeisoma. Inanitaka niape kwamba sisusii kampuni ya mafuta, wala sitasusia muda wote nitakaokuwa na mkataba wa kaunti. Sasa nikuulize. Umeingia kwa mlango wa mbele, umepita chini ya kibao changu. Kinasemaje?"

Jaji alicheka kwa pua. Kibao hicho hakuna asiyekijua. Kina miaka mitatu pale mlangoni, rangi nyekundu, herufi kubwa kama za mnadani: CAPROCK STAR HAWALI HAPA.

Aliyeikosa hadithi ya kibao na aipate upesi. Bomba la kampuni ya mafuta ya Caprock Star lilipasuka juu ya shamba la mama yake Ofelia. Halikumwaga mafuta. Lilimwaga maji ya chumvi, yale yanayotoka ardhini pamoja na mafuta, makali kuliko ya bahari. Chumvi ikazama. Miti ya pekani aliyoipanda babu yake ikaanza kukauka imesimama, mmoja baada ya mwingine, majani yakipukutika mwezi wa Juni.

Kampuni haikuleta mtu. Ilileta kikapu cha utepe wa dhahabu, na ndani ya kikapu, ewe msomaji, zilikuwamo kokwa za pekani. Za dukani.

Mama mzee alikikodolea kile kikapu mchana kutwa bila kusema neno. Jioni akasema moja tu: "Warudishie."

Ofelia alikirudisha kikapu, na aliporudi alinunua kopo la rangi nyekundu.

"Kibao ni hasira," alisema Jaji. "Saini ni biashara. Mchimba makaburi wa kaunti amesaini. Anayefyeka nyasi za uwanja wa mpira amesaini. Hata anayeleta karatasi za chooni mahakamani amesaini, wala hakusoma. Wewe ni nani hata usisaini?"

"Mimi ni mtu anayesoma."

"Na anayepika," alidakia Chayo, mdogo wake Ofelia, kutoka kwenye moshi wa sufuria. "Wewe Jaji una kipande cha mkate wa mahindi kwenye sharubu. Tena si wa kwetu, wa kwetu haukauki hivyo."

Mkono wa Jaji ulipanda sharubuni kabla hajauzuia. Jiko zima likacheka.

Hapo ndipo Ofelia alipoitoa karata aliyokuwa ameilalia. "Sheria yako ina mlango, Royce. Inamgusa mwenye wafanyakazi kumi wa kutwa kwenda juu. Mimi nina tisa. Nimemuuliza wakili. Chukua kalamu yako ukampe mchimba makaburi."

Alitarajia sura ya Jaji ianguke.

Haikuanguka. Iling'aa.

"Hesabu tena," alisema Jaji taratibu.

Akainua kidole, akaanza kuhesabu vichwa. Chayo kwenye maharage. Wawili kwenye tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama. Mmoja kwenye oveni, mwingine kwenye masinki. Kidole kilizunguka jiko zima kama nzi anayetafuta kidonda, kikatua kwa kijana aliyesimama mlangoni na trei ya biskuti za moto.

Lyle Pruett. Dereva wa gari la chakula. Mkwe wa Kamishna Dub Hargis.

"Kumi," alisema Jaji, kama mtu anayesema amina.

Ofelia akaigeukia trei ya biskuti, kisha mtu aliyeishika.

Lyle alikuwa akiendesha gari nusu siku tu, mpaka Januari. Januari Dub Hargis alikuja kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi, macho chini. "Ofe, binti yangu Darla ana mimba. Mumewe hana bima ya matibabu. Mpe Lyle kazi ya kutwa, nakuomba kama ndugu." Na katika Dos Norias, mtu akija kwa mlango wa nyuma akiwa amevua kofia, haambiwi hapana. Ofelia alimkubalia papo hapo, akamfungia na sahani ya tamale za kumpelekea Darla.

Hakuwahi kumhesabu. Alipokuwa akimwambia wakili tisa, alisema kwa moyo mweupe. Kwake yeye Lyle hakuwa mfanyakazi wa kumi. Lyle alikuwa fadhila, na nani huhesabu fadhila?

Royce Tadlock huzihesabu.

"Mfukuze," Jaji alimshauri, kwa sauti ya mtu anayependekeza achari. "Ubaki na tisa, na sheria itakupita juu kama wingu la Agosti. Au usaini. Au Jumatatu asubuhi tupige kura, tuwape kazi wale watu wa Dallas wenye trei za chakula cha kugandishwa. Njia tatu, Bi Ofelia. Kaunti hii ina huruma."

Lyle bado alikuwa mlangoni na trei yake. Alikuwa amesikia kila neno.

Jaji alipompita alichukua biskuti moja, akaiuma, akatoka bila kufunga mlango.

*

Duka la Dub Hargis huuza chakula cha mifugo, kamba, na porojo. Siku hiyo porojo zilikatika ghafla pikapu ya Ofelia ilipofunga breki mlangoni.

"Dub! Toka huko nyuma ya magunia. Nimeiona kofia yako."

"Ofe! Karibu. Nilikuwa natafuta..."

"Ulikuwa unajificha. Mtu mzima, na kitambi chote hicho, unajificha nyuma ya chakula cha mbuzi."

Wateja wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nje.

Dub akatoka, akijipangusa vumbi lisilokuwepo. Hawa wawili walisoma darasa moja. Dub ndiye aliyebeba upande wa kulia wa jeneza la baba yake Ofelia. Haya si mambo ya kusahaulika mjini hapa, ndiyo maana hakuweza kumtazama usoni.

"Januari," Ofelia alisema. "Ulipokuja mlango wa nyuma. Lilikuwa wazo la nani?"

"La mke wangu."

"Dub."

"La Darla mwenyewe, basi."

"Dub Hargis, nilikuonyesha majibu ya hesabu darasa la sita mpaka la nane. Naijua sura yako ukiwa huna jibu."

Dub alivua kofia. Akaizungusha. Akaizungusha tena.

"La Royce," alisema. "Aliniita ofisini. Akaniambia, 'Mwombe Ofelia, ana roho nzuri yule. Ila hakikisha ni kazi ya kutwa, Dub. Bima haitoki kwa nusu siku.' Nilidhani ananisaidia. Naapa mbele ya Mungu, Ofe, nilimshukuru. Nilimpelekea na nyama ya kulungu."

Kuku wa kuuzwa walikuwa wakilialia kwenye vizimba vyao.

Kumbe! Mtego haukutegwa juzi. Jaji alichimba shimo Januari, akalifunika kwa majani mabichi, na majani yenyewe ni mtoto ambaye hajazaliwa.

"Umejua tangu lini?" Ofelia aliuliza.

"Tangu jana. Aliniambia akicheka."

"Na wewe ulicheka?"

Dub akairudisha kofia kichwani.

"Nisikilize," alisema kwa haraka, akishika kaunta kwa mikono miwili. "Kuna njia. Kura ni tano. Wawili wako nawe, Royce ana mmoja wa kumfuata, jumla yao wawili. Mimi ndiye wa mwisho. Nipe kitu cha kusimamia, Ofe! Shusha kile kibao. Jumatatu simama mbele ya watu, utapewa dakika zako tatu kama kila mtu, useme samahani kwa Caprock Star, nasi tutaihesabu badala ya saini. Neno moja. Mimi nakupigia kura, Lyle anabaki, wazee wanakula. Nani anapoteza?"

"Miti ya babu yangu iliomba samahani kwa kukauka?"

"Usianze na miti."

"Nianze na nini? Walinitilia chumvi ardhini, halafu mimi ndiye niwaangukie miguuni?"

"Caprock ndio waliotuwekea taa za uwanja wa mpira! Wananunua kwangu shayiri ya farasi wao wote! Unataka nifanyeje?"

"Kwa hiyo wanakununua pamoja na shayiri. Gunia moja au mawili?"

Dub aliwiva shingo mpaka masikioni. "Darla ana mimba ya miezi saba. Ukikosa mkataba unafunga jiko, na ukifunga jiko Lyle hana bima. Unataka kuninyonga mimi na mjukuu wangu?"

"Aliyekuvisha kitanzi siye mimi," Ofelia alisema, akageuka. Mlangoni akasimama. "Na kamba umeiuza mwenyewe."

*

Jumapili baada ya kanisa watu wote wa jikoni walikuwa wamekusanyika bila kuitwa. Chayo alikuwa ameweka kahawa. Hakuna aliyekuwa akiinywa.

Lyle aliingia wa mwisho. Aproni yake ilikuwa imekunjwa vizuri kama bendera wanayokabidhiwa wajane wa wanajeshi. Akaiweka mezani.

"Nimeacha kazi, Bi Ofelia."

"Umeacha nini?"

"Kazi. Mkibaki tisa, yule hana la kuwafanya. Nimezungumza na Darla. Tutajua la kufanya."

"Mtajua nini? Mtamlipa daktari kwa maharage?"

"Nitarudi visimani. Caprock wanaajiri."

Lo! Jiko likapoa. Lyle aliachishwa kazi na hao hao Caprock Star miaka miwili nyuma, kwa ujumbe wa simu, akiwa bado amevaa kofia ya chuma.

"Rudisha aproni kiunoni," Ofelia alisema.

"Lakini..."

"Nimesema rudisha. Royce amekutumia wewe kama chambo, sitamsaidia kukutupa majini. Nikikufukuza nimesaini, hata kama kalamu sijaigusa."

"Basi usaini kweli," akasema mmoja wa wapika tamale, kwa sauti ndogo. "Dada, ni karatasi tu. Sote tutakula nini?"

Hilo lilimchoma Ofelia kuliko yote ya Jaji, kwa sababu halikutoka kwa adui. 

Ni Chayo aliyegonga mwiko kwenye sufuria.

"Nyinyi mna akili au mna unga kichwani? Sheria inahesabu watu wa kutwa. Nipunguzeni mimi! Niwe nakuja asubuhi mpaka saa sita, basi. Bima ninayo, ya marehemu mume wangu wa reli, ndicho kitu pekee cha maana alichoniachia. Kumi toa mimi, tisa. Royce amehesabu vichwa, sisi tutahesabu saa."

Watu wakatazamana.

"Na mshahara wako?" Ofelia aliuliza.

"Nitalalamika kila siku ya maisha yako, dada. Hiyo ndiyo nusu nyingine ya mshahara."

Kicheko kilipasuka jikoni, cha kwanza tangu Ijumaa. Lyle alikuwa ameuficha uso wake kwenye aproni.

"Wewe!" Chayo alimfokea. "Usilie karibu na unga wangu. Chumvi nimeshatia."

Usiku ule Ofelia alilala usingizi wa mshindi. Masikini. Hakumjua bado Royce Tadlock.

*

Jumatatu asubuhi ukumbi wa kaunti ulijaa mpaka kwenye ngazi. Wakaomba dua. Wakasimama kwa bendera ya nchi, kisha wakageuka kidogo wakasimama kwa bendera ya Texas, mikono vifuani, na huo ulikuwa mwisho wa mambo waliyokubaliana siku hiyo.

Wa kwanza kwenye maikrofoni alikuwa Bi Wilma Kuykendall, miaka themanini na minane, ulimi wa miaka ishirini. Alisukuma kigari chake cha kutembelea mpaka mbele, akampuuza mlinzi aliyetaka kumsaidia.

"Royce," alisema.

"Bi Wilma, hapa naitwa Jaji."

"Nilikufundisha shule ya Jumapili. Ulikuwa unakula biskuti za wenzako. Naambiwa hujaacha."

Ukumbi ukalipuka. Jaji akagonga nyundo.

"Dakika zako zinakwenda, mama."

"Na zako zinakuja. Sikia. Lile sanduku la Dallas linafika mara moja kwa wiki, linaachwa mlangoni. Huyu kijana Lyle ananigongea kila siku. Mwezi wa Machi nilianguka bafuni, yeye ndiye aliyeniokota. Trei ya barafu itaniokota? Itaniita Bi Wilma? Mimi mafuta siyachukii, nimepikia gesi maisha yangu yote, na mume wangu alikuwa mtu wa visima. Lakini sijawahi kumuuliza anayeniletea supu anamchukia nani. Ni supu! Nimemaliza. Dakika zilizobaki mpeni Royce akajifute sharubu."

Jaji aligonga nyundo mpaka makofi yalipochoka yenyewe.

Ndipo Ofelia akasimama. Alikuwa amevaa gauni la bluu la misibani, kwa kuwa ndilo zuri alilonalo. Akasema kwa sauti kavu: kuanzia leo Chayo Zertuche ni mfanyakazi wa nusu siku. Wa kutwa ni tisa. Tamko la kutosusia halimhusu. Wakili wa kaunti na aseme kama amekosea.

Wakili wa kaunti alikohoa, akapekua, akakohoa tena. "Ndivyo sheria ilivyo," alisema. Alisema kama mtu anayeng'olewa jino.

Shangwe! Chayo alikuwa juu ya kiti. Bi Wilma alikuwa akigonga sakafu kwa kigari.

Jaji Tadlock alisubiri. Hakugonga nyundo hata mara moja. Aliacha furaha ipande hadi juu kabisa, ianguke vizuri kutoka huko.

"Hongera," alisema. "Sheria haikugusi, Bi Ofelia. Sasa nami niulize jambo dogo. Kuna sheria inayotulazimisha sisi kukupa mkataba?"

Akaugeukia ukumbi, kisha akajijibu mwenyewe.

"Hakuna. Kaunti humpa kazi inayemtaka. Hatuhitaji tena ile karatasi. Tunahitaji mikono mitano. Wanaotaka kuendelea na mwanamke anayeitukana kampuni inayolisha mji huu, wanyooshe."

Mikono miwili ikapanda.

"Wanaokataa."

Mkono wa Jaji, na wa jirani yake.

Macho ya ukumbi mzima yakamgeukia Dub Hargis. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya meza.

"Kamishna Hargis?"

"Kabla sijapiga kura," alisema Dub, na sauti yake ilikwaruza kama geti la zizi, "nataka kusikia kitu kutoka kwa Bi Zertuche. Kitu kidogo tu. Kwa Caprock Star. Anajua ni kitu gani."

Jaji aliegemea kiti chake. Meno yake yote yalionekana.

Wakati huo huo simu ililia nyuma ya ukumbi.

Ilikuwa ya Lyle. Aliisikiliza, na rangi ikamtoka usoni. "Darla," alisema, kwanza kwa sauti ya chini, kisha akapiga kelele. "Baba, ni Darla! Wanampeleka hospitali Lubbock. Mtoto anakuja. Anakuja sasa!"

Miezi saba tu! Dub alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Kila mama mle ukumbini alijua maana yake. Mtoto wa hivyo haendi nyumbani. Hulazwa kwenye kisanduku cha kioo, wiki juu ya wiki, mirija puani, na kila siku ya kisanduku ni bei ya pikapu. Bima ya Lyle ilikuwa jikoni kwa Ofelia. Na jiko la Ofelia lilikuwa chini ya meza, kwenye mkono wa Dub.

"Sema, Ofe!" Dub alisema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Sema upesi niende kwa mwanangu! Neno moja!"

Lyle alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka. Yule yule aliyekunja aproni jana, leo alikuwa ameshikilia mwimo wa mlango kama mtu anayezama.

"Bi Ofelia, tafadhali," alisema. "Nakuomba. Sema tu."

Ofelia akamtafuta Chayo kwa macho. Chayo, aliyekuwa na neno kwa kila kitu duniani, alikuwa ametazama chini. "Dada..." alisema, akaishia hapo.

Hakuna aliyebaki upande wake. Hata Bi Wilma alikuwa ameufunga mdomo.

Neno lenyewe ni dogo. Mtoto hufundishwa kulisema kabla hajang'oka meno ya mbele. Ofelia alilihisi linakuja, likipanda kooni, na lilipofika ulimini lilikuwa na ladha. Lilikuwa la chumvi.

Akaisogelea maikrofoni.

"Lyle, nenda kwa mkeo. Muda wote sufuria yangu moja itakapokuwa motoni, bima yako iko. Hata nikiuza hiyo pikapu pale nje. Hiyo ni ahadi, wala haina masharti. Nenda."

Lyle hakuondoka.

"Dub. Hapa ndani kuna mtu anayejua ni nani aliyekutuma mlangoni kwangu Januari, na kwa nini. Ningeweza kulitaja jina lake sasa hivi. Silitaji. Hilo ni lako."

Meno ya Jaji Tadlock yakatoweka. Nyundo ikapanda. "Bi Zertuche, dakika zako..."

"Ninazo bado! Mambo yalikwenda hivi, Royce: kwanza saini, halafu saini ikashindikana, sasa samahani. Nikitoa samahani leo, mwakani mtataka nini? Mtaniuliza nasali wapi kabla sijatia chumvi kwenye maharage? Mtauliza nilimpigia nani kura ndipo Bi Wilma apate supu?"

"Ofe," Dub alilia, "mjukuu wangu!"

"Mjukuu wako yuko mkononi mwako, hayuko mdomoni mwangu! Usinibebeshe mkono wako. Ni mkono tu, Dub. Ndio uliobeba jeneza la baba yangu. Leo umekuwa mzito?"

Nyundo iligonga. Iligonga tena. Hakuna aliyeisikia.

Taratibu, mbele ya ukumbi mzima, mkono wa kulia wa Dub Hargis ulianza kutoka chini ya meza. Ukasimama usawa wa kifua. Ukabaki pale, si juu, si chini.

"Neno moja," alinong'ona. "Nisaidie niuinue."

Ofelia Zertuche alimtazama machoni.

"Mama yangu aliniambia nirudishe kikapu chao," alisema. "Siombi radhi."